Kipa nani Jumamosi? Mbinu za kubishana mpira

Mwezi wa Agosti ndio wenyewe. Kahawa bado iko kwenye vichanja, Simba Day ndiyo hii, Wiki ya Mwananchi ndiyo hii, wachezaji wapya wanatambulishwa, na ligi haijatoa matokeo ya kumkata mtu kauli. Kuanzia vijiwe vya Mbinga mjini, Kigonsera na Namswea hadi ufukweni Mbamba Bay na Liuli, ubishi ni uleule: msimu huu nani akae golini?

Namba ya kipa huzua maneno kuliko namba nyingine kwa sababu iko moja tu. Mawinga wawili wazuri utawapanga wote. Viungo watatu utawabanabana humohumo. Makipa wawili wazuri, mmoja lazima akae benchi, na huyo wa benchi naye ana mashabiki wake. Kwa hiyo utabishana, upende usipende. Basi bishana kama mtu anayejua mpira.

Anza kwa kulibana swali. "Nani bora kati ya huyu na yule?" ni swali la kukesha. Uliza hivi: nani adake mechi hii, dhidi ya timu hii, akiwa na mabeki hawa? Hapo kila mtu analazimika kutaja sababu. Asiye na sababu utamwona anaagiza kahawa nyingine.

Ujue msimu mmoja kwa undani. Ni bora kuliko kujua misimu kumi juu juu. Kama huna wa kuanza nao, chukua Simba ya mwaka 2023. Inajibu karibu kila kesi ya makipa utakayokutana nayo.

Aishi Manula alitoka Azam kwenda Simba mwaka 2017 na akawa namba moja. Aprili 2023 akaumia. Akaingia kijana Ally Salim, ambaye mashabiki wengi walikuwa wakimwona benchi tu. Tarehe 16 Aprili akadaka dabi, Simba ikaifunga Yanga 2-0. Siku sita baadaye akasimama golini Uwanja wa Mkapa mbele ya Wydad ya Morocco, bingwa mtetezi wa Afrika, Simba ikashinda 1-0, kabla ya kwenda kutolewa kwa penalti Casablanca. Ikaja Agosti 13, Ngao ya Jamii, uwanja wa Mkwakwani, Tanga. Dakika zikaisha bila bao. Kwenye penalti Ally Salim akazipangua tatu za Yanga. Wiki ile, ukisema kijana asidake, kijiwe kizima kingekuuliza kama uko sawa.

Halafu Novemba 5. Manula, aliyekuwa ametoka kuuguza jeraha, akapangwa kwenye dabi. Yanga 5, Simba 1. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha Robertinho. Na msimu haukuishia kwa Manula wala kwa Ally Salim: namba ilikwenda kwa Ayoub Lakred kutoka Morocco. Msimu uliofuata akaja mwingine tena, Moussa Camara wa Guinea.

Sasa itumie. Mtu akikwambia "namba moja ni namba moja, haguswi," mpe Aprili. Akikwambia "dogo ameshaibeba namba, haachii," mpe Novemba. Akisema kesi ni ya watu wawili tu, mkumbushe Lakred. Usimwage vyote kwa mpigo. Chagua kimoja kinachojibu hoja iliyo mezani.

Tenganisha kosa la kipa na kosa la timu. Mabao matano hayawi makosa matano ya kipa, ingawa pia siyo lazima yawe sifuri. Rudia bao moja moja. Mpira ulipotelea wapi? Nani aliachwa bila kukabwa? Kipa aliuona mpira unapopigwa, au kulikuwa na watu mbele yake? Alisimama wapi? Ukimaliza, sema wazi: hili ni lake, haya siyo yake. Ukikubali kosa moja la kipa wako, mtani naye atalegea. Ukikataa yote, umegeuka wakili, na wakili hasikilizwi kijiweni.

Mechi bila kuruhusu bao ni hesabu nzuri, lakini haitoshi. Kuna kipa anamaliza dakika 90 amegusa mpira mara chache kwa sababu mabeki wake hawapitiki. Kuna mwingine amefungwa mawili na ameokoa sita ya wazi. Ukitaka kumpima kipa, acha kuufuata mpira kwa dakika kumi na umtazame yeye. Krosi ikija anatoka au anasita? Mpira ukiwa upande wa pili anawapanga mabeki, au amesimama tu? Akipangua, anaupeleka pembeni au anauacha katikati, miguuni mwa fowadi?

Tazama na miguu yake. Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kuushika kwa mikono mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Kwa hiyo kocha anayetaka timu ianzishe mpira kutoka nyuma anaweza kumweka benchi kipa hodari wa mashuti akampanga mwenye pasi safi. Wengi humwona kocha huyo hana akili. Kabla hujamtukana, angalia timu ilianzisha mashambulizi mangapi kutoka kwa kipa.

Sheria mpya nayo uijue, itakupa pointi za bure. Kuanzia msimu wa 2025/26 kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi huhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole. Zamani ilikuwa sekunde sita na adhabu yake faulo isiyo ya moja kwa moja, ambayo waamuzi hawakuwa na moyo wa kuitoa. Kipa mwenye tabia ya kulala na mpira timu ikiongoza sasa ana tatizo la kweli.

Penalti zipe kesi yake. Usizichanganye na dakika 90. Mwaka 2014, robo fainali ya Kombe la Dunia kule Brazil, kocha wa Uholanzi Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akaokoa mbili, Costa Rica ikatoka. Ukimpata mtu anayeona huo ndio uganga wa kila siku, mpeleke Februari 2022, fainali ya Kombe la Ligi Uingereza. Chelsea walimwingiza Kepa vilevile, kwa penalti. Liverpool wakafunga zote 11, kisha Kepa mwenyewe akapaisha yake. Uamuzi uleule, matokeo mawili. Kwa hiyo ukimpima kocha, mpime kwa sababu alizokuwa nazo kabla ya penalti, maana matokeo kila mtu anayajua baadaye.

Kwa Afrika, mfano wangu ni Boubacar Barry wa Côte d'Ivoire. AFCON ya 2015 alikuwa wa akiba. Sylvain Gbohouo akaumia, Barry akadaka fainali dhidi ya Ghana. Penalti zikafika hadi kwa makipa. Barry akaokoa ya kipa mwenzake, akapiga yake, akafunga. 9-8, ubingwa.

Usimzike wa benchi. Hili watu wa Marekani walifundishwa vizuri na mchezo wao ule wa mpira wa Kimarekani, unaobebwa mikononi. Kule ubishi mkubwa wa vyuo vikuu ni kuhusu kwotabeki, mchezaji anayepokea mpira kwanza na kuamua uende wapi. Kama kipa, yuko mmoja tu. Januari 2018, fainali ya vyuo, Alabama walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 13-0 mbele ya Georgia. Kocha Nick Saban akamkalisha Jalen Hurts, akamwingiza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa. Alabama wakashinda 26-23 kwenye muda wa nyongeza. Namba ikahama. Hurts angeweza kuondoka, akabaki. Desemba mwaka huohuo, uwanja uleule wa Atlanta, dhidi ya Georgia haohao, Tua akaumia, Alabama wakiwa nyuma. Hurts akatoka benchi akaigeuza mechi, 35-28. Mashabiki waliokuwa wamemwandikia kwaheri walikuwa wanapiga kelele jina lake.

Umri usiufanye hoja peke yake. Juma Kaseja aliokoa penalti Cairo mwaka 2003, Simba ikawatoa Zamalek waliokuwa wanashikilia taji la Afrika. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, alikuwa golini Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Wapo waliokuwa wamemzeesha zamani sana.

Kijiweni kwenu kuna mzee atakayekatiza yote haya kwa neno moja: Majimaji. Usimkatize. Timu ya Songea ilikuwa bingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na tena 1998, na wazee wa Ruvuma wana haki ya kukumbusha. Wewe uliyeanza kuiona ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2015 na kushuka mwaka 2018 hukuona kitu. Mpe shikamoo, muulize nani alikuwa anadaka na alikuwa anadakaje. Utapata mambo ambayo simu yako haina. Ukitaka kumpinga, anza na "Mzee, hapo naomba nikuongezee." Ukianza na "Siyo kweli," umeshapoteza hata kama una hoja.

Habari za majeruhi zichuje. Uvumi wa WhatsApp unafika Namswea kabla ya taarifa ya klabu. Sauti ya mtu asiyejulikana ikisema kipa amevunjika kidole, usiipeleke kijiweni kama habari. Subiri ukurasa rasmi wa klabu, au kikosi kinachotolewa kama saa moja kabla ya mechi. Na kumbuka kocha anawaona makipa mazoezini kila siku, wewe unawaona dakika 90 kwa wiki. Siyo kwamba hakosei. Ila ukimkosoa, ongeza maneno haya: "labda kuna kitu anakijua." Hayana gharama, na siku ikibainika kipa alikuwa na homa, wewe ndiye utakayekuwa umesalimika.

Matumaini ya ubingwa yapige hesabu. Ligi ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, pointi zote ni 90. Yanga ilichukua ubingwa wa 2023/24 kwa pointi 80 na wa 2024/25 kwa 82, Simba ikiwa na 78. Kwa hiyo anayetaka ubingwa aanze kufikiria wastani wa zaidi ya pointi mbili na nusu kwa mechi. Timu yako ikifika mechi ya kumi na pointi 20, hiyo ni njia ya kwenda 60. Bado unaweza kutamba, ila tamba ukijua.

Na mtu akisema bao moja la kizembe halina uzito, mwonyeshe msimamo wa 2023/24. Azam na Simba walimaliza na pointi 69 kila mmoja. Tofauti ya mabao ikaipa Azam nafasi ya pili na tiketi ya Ligi ya Mabingwa, Simba ikaenda Kombe la Shirikisho. Bahati yao, huko wakafika fainali Mei 2025, na njiani, robo fainali dhidi ya Al Masry ya Misri, Camara akaokoa penalti mbili. Hapo umemrudisha kipa mezani bila kupandisha sauti.

Andika utabiri kabla ya mechi. Kipande cha karatasi au ujumbe kwenye kundi la kijiwe, jina la kipa unayetaka apangwe na sababu moja. Sababu moja tu. Baada ya mechi kila mtu alikuwa anajua. Karatasi ndiyo inayoumbua.

Kuhusu mkeka wa kubeti: hela ya kahawa haihusiki. Malipo ya chama cha ushirika yakitoka, lipa ada, nunua mbolea, weka akiba. Kipa anayeumia wakati wa kupasha misuli anaharibu mkeka wote, na hakuna kijiwe kitakachokurudishia.

Utani una mipaka, na mipaka yenyewe unaijua. "Makolo" (Simba) na "Utopolo" (Yanga) mwite yule aliyezoea na anayekurudishia. Mgeni usimwanzie. Mama wa mchezaji, kabila lake, rangi yake, hayo hayamo kwenye mpira. Kwenye kibanda umiza, mtani akiwa amefungwa tano, mpe nafasi atoke nje kwanza. Kesho yake asubuhi utamkuta dukani au kwenye bodaboda, na utani utakuwa mtamu zaidi akiwa ameshakunywa chai.

Sasa, kesi iliyo karibu zaidi na wewe siyo ya Simba wala Yanga. Ni ya timu yenu: ya ndondo, ya sekondari inayojiandaa na UMISSETA, au ya chuo. Hapo una makipa wawili, kocha wa kujitolea, na wazazi pembeni. Mbinu zote za juu zinafaa, lakini hapa unaweza kufanya zaidi ya kubishana. Unaweza kupima.

Wape makipa wote kazi ileile siku ileile. Krosi za kulia, krosi za kushoto, mashuti ya mbali, ana kwa ana, penalti, na pasi za miguu. Wapigaji wawe walewale. Mtu mmoja asiye na ndugu kati yao aandike. Usimpe mmoja mashuti ya asubuhi na mwingine ya jioni. Viwanja vya ufukweni, kuanzia Lituhi kushuka hadi Mbamba Bay, vina jambo lake: jua la jioni linatua upande wa ziwa, na kipa anayetazama ziwani saa kumi na moja anadaka kwa kubahatisha. Wabadilishe magoli katikati ya zoezi. Upepo wa ziwani nao unapeleka krosi isikotarajiwa, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa krosi moja.

Kisha wape mechi za kirafiki, nusu kwa nusu, na mabeki walewale. Msikilize kipa. Katika timu changa, anayeongea na mabeki huwaokoa zaidi kuliko anayeruka vizuri.

Ukishaamua, tangaza mapema. Mwambie wa kwanza kuwa ni namba moja na hatatolewa kwa kosa moja. Kipa anayechungulia benchi kila akigusa mpira hadaki. Mwambie wa pili mechi atakazocheza, kwa majina, halafu umpange kweli. Ukimwahidi kombe la kata, kombe la kata likifika usibadilike kwa sababu nusu fainali imenoga.

Mashabiki, msisimame nyuma ya goli la kipa wenu mkimpangia. Anawasikia. Kijana wa miaka 16 anayeambiwa na wajomba watatu "toka!" na "baki!" kwa wakati mmoja atasimama katikati, na hapo ndipo mpira unapompita juu. Kama una la kumwambia, msubiri mapumziko, mpelekee maji, umwambie moja.

Na mchange glavu. Timu nyingi za vijijini zina jozi moja, makipa wawili wanavuana wakati wa mabadiliko, na wa akiba anaingia na glavu iliyolowa jasho la mwenzake. Jozi ya pili haihitaji kuwa ya bei. Baada ya mechi zioshwe kwa maji safi na sabuni kidogo, zikamuliwe kwa kubanwa bila kusokotwa, zianikwe kivulini. Jua kali hukausha ule mpira wa kiganja ukapasuka. Kabla ya mechi zilowesheni kidogo, hasa wakati wa kiangazi vumbi likiwa jingi, maana kiganja kikavu kilichojaa vumbi hakishiki kitu.